Tulikuwa Wawili Tulipoizika Darubini

Buleusa, Walikale, tarehe 9 Machi.
Miaka mitatu na mwezi mmoja tangu nitoke kambi ya Kashuga.

Mjomba,

Neno la kuweka mbele ya jina hilo nimelitafuta jana na leo, sikulipata. Basi nakuita Mjomba tu, kwa sababu hilo hata wewe huwezi kuninyang'anya. Mama yangu ni dada yako, amekufa akiwa dada yako, na mimi ulinilea wewe.

Najua macho yako yamefunikwa na mtoto wa jicho, Mama Jose mke wako aliniambia kwenye simu, kwa hiyo barua hii utasomewa. Nafikiri atakayesoma ni binti yako Neema. Neema, dada yangu, usipunguze sauti. Soma Jumapili, watu wakitoka kwenye maombi, kabla hawajatawanyika. Baba yako alinisema mbele ya watu. Na mimi namjibu mbele ya watu.

Mjomba, nimepiga simu mpaka nimechoka. Mama Jose anapokea, nakusikia ukikohoa pembeni yake, halafu ananiambia, "Mujomba wako iko ku kanisa." Siku ya Jumanne, saa tisa mchana, mvua inapiga turubai mpaka hata mimi huku naisikia. Mama Jose hajui kusema uongo, anapunguza sauti kama mtu aliyeiba sukari. Usimtume tena kusema uongo kwa ajili yangu. Sasa nimeandika. Karatasi haiwezi kuambiwa uko kanisani.

Kwa wale waliofika kambini baada yangu, wasionijua: mimi ndiye yule mnayesikia akiitwa mwizi wa bomba ya padri.

Bomba hiyo ilikuwa darubini. Padri mzee aliyekuwa kijijini kwetu Burungu, huko Masisi, alikuachia wewe siku aliporudi kwao, kwa sababu ulikuwa katekisti wake, na ni wewe peke yako uliyekuwa ukimuuliza juu ya mbingu maswali ambayo hayakuhusu wokovu. Ilikuwa na umri kunizidi. Rangi yake nyeupe ilikuwa imebanduka kama ukuta wa shule, na miguu yake mitatu ilikuwa ya mbao, mmoja umeliwa na mchwa, ukaufunga kwa mpira wa baiskeli. Uliiweka nyuma ya jiko, kwenye kiwanja cha kuanikia maharage, pembeni ya ule mgomba uliosimama peke yake. Mimi nilikuwa nimeacha shule mwaka wa pili wa sekondari, mama alipokufa. Nilikuwa na hasira na kila kitu. Ulinishika begani baada ya chakula cha jioni ukasema, "Kuya uone kitu hakina shida na sisi."

Nilidhani nitaona nyota kubwa kama sinia. Nikaweka jicho, nikaona weusi, halafu nikaona kitu kama nyasi.

"Naona majani," nikasema.

"Majani?"

"Ndiyo, majani marefu, iko inatikisika."

Ulicheka mpaka Mama Jose akatoka na mwiko mkononi. "Hayo ni kope zako, mujinga weye! Padri ametoka Ulaya na bomba yote hii, weye unaangalia kope!"

Huo ndio ulikuwa mwanzo wangu. Na hata nilipoacha kuona kope zangu, nyota zilibaki vinukta. Ulinionyesha ile inayong'aa kupita zote, nikaona nukta inayong'aa zaidi kidogo. Nilikasirika. Nikakuambia bomba imekufa. Siku ya pili yake tulikuwa tunapalilia, kama saa kumi mchana, mwezi umeshatoka juu ya kilima ukiwa mweupe kama kipande cha muhogo, ukaacha jembe ukaenda kuleta darubini, ukaielekeza kule mchana peupe. Nilipoweka jicho nilirudi nyuma. Nilikuwa sijajua kwamba mwezi ni mahali. Ni mahali kama hapa, pana vilima na mashimo, na vilima vyake vina vivuli.

"Iko imepinduka," nikasema, kwa sababu upande wa juu ulikuwa chini.

"Bomba hii inapindua kila kitu. Zoea."

Unamkumbuka Papa Safari, jirani yetu mchunga ng'ombe? Alikuwa anapita na fimbo yake akikutania juu ya ua: "Katekisti, Mungu iko anaoga leo? Usimuchungulie!" Nawe unamjibu, "Kuya uchungulie na weye, halafu uende utubu." Siku alipokubali, aliangalia mwezi muda mrefu, akaangalia tena, akasema kwa huruma kabisa, "Masikini. Kumbe aliugua ndui." Tukamtania mwaka mzima. Nasikia Papa Safari bado yuko hapo kambini. Papa Safari, kama unasikia haya, wewe uliketi mstari wa mbele Jumapili ile niliyosemwa. Nilikuona ukiangalia chini.

Lakini narudi kwenye darubini. Kilichonisumbua mwanzoni hakikuwa udogo wa nyota. Ni kwamba hazikai. Naitafuta ile inayong'aa, naipata kwa shida, viganja vyangu vigumu vya jembe vinatikisa bomba, naipata tena, naona vile vinukta vyake vinne vimejipanga pembeni yake kama vifaranga, namwita Neema aje aone, Neema akifika imeshatoka. Naisogeza. Inatoka. Nikakuambia, "Mjomba, iko inanikimbia."

Hapo ndipo uliponifundisha kitu ambacho nimekibeba mpaka huku Walikale. Ulichukua ungo wa maharage, ukauweka chini, ukaweka punje moja pembeni yake, ukauzungusha ungo polepole. Ukasema, "Nyota haikimbii. Ni kiwanja chetu njo kinatembea. Weye umesimama juu ya kitu kinatembea, halafu unaita nyota mukimbizi."

Nililala nikifikiri hilo. Sikuwa mtu wa kufikiri. Asubuhi niliuangalia mgomba wetu, jiko letu, jiwe la kunolea panga, nikaona kwamba vyote vinakwenda na mimi ndani yake, na hakuna anayeyumba.

Baada ya hapo ulinipa kaye, daftari la zamani la mafundisho ya ubatizo, nyuma kulikuwa na kurasa tupu, nikawa nachora vile vinukta vinne kila jioni mawingu yakituruhusu. Leo viwili kushoto, viwili kulia. Kesho vitatu upande mmoja, kimoja kimejificha. Kilimia, ambayo kwa macho tulihesabu nyota sita, nilihesabu ndani ya bomba mpaka thelathini nikachanganyikiwa. Jioni nyingi hatukuona kitu, ukungu unapanda kutoka bondeni, ao mlima wa moto unatupa wekundu wake kwenye mawingu ya kusini, nawe unaupigia kelele kama unapigia mbuzi: "Zima hiyo taa! Watu wako ku kazi!" Nilikuwa na furaha, Mjomba. Naandika hivyo kwa uchungu, lakini ni kweli.

Sasa nifike kwenye kioo.

Kulikuwa na kioo kikubwa mbele ya bomba, uliniambia nisikiguse. Jioni moja mwezi ulikuwa na doa, nikajua ni vumbi la maharage, na wewe ulikuwa umekwenda kwa mgonjwa. Nikavua shati langu, lile la shambani, nikasugua. Shati lilikuwa na mchanga. Nilisikia sauti yake kwenye meno. Ulibaki mkwaruzo mmoja, mrefu kama ukucha wa kidole gumba, umepinda mwishoni kama ndoana.

Uliporudi uliuona siku hiyohiyo. Ukaniuliza, nikasema sijui. Ukaniuliza tena, nikasema labda ni panya. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Tuko wawili tunagusa hii kitu. Mimi sikusugua." Ukaondoka ukaenda kula.

Hesabu yako ilikuwa sahihi. Ni mimi niliyesugua. Nimekaa na neno hilo miaka yote, sikulisema siku ile, sikulisema tulipokuwa njiani, sikulisema kambini. Nalisema leo, na Neema anawasomea wote: kioo, ni mimi. Nilikudanganya juu ya kioo. Andikeni.

Lakini sasa nisikilizeni juu ya bomba yenyewe.

Vita ilipokaribia, watu wa Burungu wote walifanya tunavyofanya siku zote. Walizika vitu. Anayetoka kwenye vilima vyetu hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza, barua hii inaweza kufika mbali. Sufuria, cherehani, mabati, mbegu, kila kitu kisichobebeka kinazikwa usiku wa kuondoka, na hakizikwi na mtu mmoja. Unachagua mtu wa pili. Ukifa wewe njiani, yeye anajua. Akifa yeye, unajua wewe. Na hamuambii mtu wa tatu, hata mke. Wala hampimi kutoka kwenye jiwe kubwa ao pembe ya nyumba, kwa sababu wanaopora wanajua kuchimba hapo kwanza. Mnapima kutoka kwenye kitu kisichoangaliwa.

Wewe ulinichagua mimi. Ulikuwa na wadogo zako wawili, ulikuwa na wazee wa kanisa, ukanichagua mimi niliyekudanganya juu ya kioo. Sijawahi kupewa heshima kubwa kama hiyo, hata leo, na ndiyo maana ulichonifanyia baadaye kinaniuma hivi.

Tuliifunga bomba kwa turubai, mara tatu, tukaziba kwa mpira. Ulisimama mgongo ukigusa ule mgomba wa peke yake, ukahesabu hatua saba kuelekea bondeni. Tukachimba shimo jembamba, tukaiingiza ikisimama kama nguzo ili ichukue nafasi ndogo, tukafukia, tukamwaga maganda ya maharage juu. Ile miguu ya mbao ulimwachia Mama Jose, akaipikia chakula cha mwisho. Ulitoa kile kioo kidogo cha nyuma, tulichokiita jicho, ukaniwekea mfukoni. "Weye beba jicho," ukasema. "Bila jicho, hata wakiipata, ni bomba ya maji tu."

Tulikaa Kashuga miaka minne kabla barabara kufunguka. Siku tuliyorudi Burungu kuangalia mashamba, wewe na mimi, nyumba ilikuwa majivu yaliyoota majani. Kiwanja cha maharage kilikuwa msitu. Lakini migomba ilikuwepo, kichaka kizima, ukaikumbatia kama ndugu. "Hii njo alama yetu," ukasema. Uliegemeza mgongo, ukahesabu saba kwa sauti, tukachimba. Hakuna kitu. Tukachimba kulia, tukachimba kushoto, tukachimba chini zaidi upande wa bonde. Nikakuambia, "Mjomba, tujaribu juu kidogo." Ukanijibu kwa ukali, "Juu hapana. Mimi nilihesabu." Ukaketi juu ya udongo. Saa nzima ya jua hukuniangalia. Njia yote ya kurudi Kashuga ulitembea mbele yangu, na nilipokupa maji ulisema una yako.

Jumapili ile, maombi yalipokwisha, ulisimama. Watu walidhani una tangazo la ubatizo. Ulisema maneno kama yale uliyosema juu ya kioo:

"Tulikuwa wawili. Mimi sikuchimba."

Ukakaa. Hukuniita mwizi. Hukuhitaji. Kila mtu mle ndani alikuwa amezika kitu na alikuwa na wa pili wake, wote walielewa. Mama mmoja nyuma alisema, "Na jicho analo yeye mfukoni," na hilo likatosha kuwa ushahidi. Jicho ulilonipa wewe!

Nilikungoja uniulize. Ningekubali unitukane, unipige hata, ilimradi uniulize. Hukuniuliza. Na kosa langu ni kwamba nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka kioo, nikaona aibu usoni kwangu, na aibu ya kioo ikasomwa kama aibu ya bomba. Hilo nimelielewa polepole sana.

Miezi miwili baadaye milio ya risasi ilisikika tena upande wa Burungu, watu waliokuwa wameanza kulima wakakimbilia kuzika vitu vyao. Nilikwenda nao, nikazunguka nikijitolea kuchimba. Waliniazima jembe, wakanipa maji ya kunywa, lakini kila nilipokaribia shimo mtu alikuwa na neno: "Asante kaka, tayari niko na wa pili." Hata mzee kiziwi asiye na ndugu alikuwa na wa pili. Hakuna aliyenitukana. Nikaona kwamba mtu ambaye hakuna anayetaka awe wa pili wake hana kazi katika vilima vile. Mwezi wa Februari nikaondoka.

Huku Walikale nilianza kwenye shimo la madini. Mwaka mmoja na nusu nikibeba mchanga mgongoni. Msitu umefunika mbingu, unaona kipande tu, kama unaangalia kutoka ndani ya kisima, na kipande hicho kina mawingu. Jicho nililishonea kwenye ukosi wa shati. Ukiligeuza linakuza vitu, nililitumia kutoa miiba na vijiwe viganjani. Msimamizi wetu akaliona. Alilitaka la kukagulia chembe za madini, akaniambia nitaje ninachotaka. Wenzangu wakanicheka: "Kaka, weye ni chizi! Muuzie, uende kwenu na pikipiki!" Sikuuza. Niliwaambia si langu, ni la mjomba wangu. Mwizi wako ndiye aliyesema hivyo, Mjomba, akiwa na njaa, akiwa amesimama ndani ya maji mpaka magotini.

Kifua kiliponishinda nilitoka kwenye shimo nikaja huku Buleusa, ambako ninalima kwa mama mmoja anaitwa Mama Riziki. Yeye naye alikimbia, alirudi mwaka jana. Ni mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Mwezi uliopita alinipeleka kusafisha kiwanja cha nyumba yake ya zamani. Nilikuwa nakata nyasi upande wa juu wa migomba, mguu wangu ukazama mpaka kwenye kifundo, ndani ya kitu cheusi, laini, chenye maji. Nikatukana. Mama Riziki akacheka.

"Umekanyaga mama yao," akasema. "Hapo njo nilimupanda. Nyuma ya jiko. Ona sasa watoto wake wako wapi! Wanataka kuingia mu nyumba kama wageni."

Niliangalia. Kutoka lile shimo bovu mpaka kwenye kichaka cha migomba zilikuwa hatua tatu kubwa.

"Nani aliihamisha?" nikamuuliza.

"Kuihamisha?" Aliniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mugomba iko inatembea, kaka. Mama anazaa pembeni, anakufa, mutoto anazaa pembeni, anakufa. Kama haumuchungi, anaenda kwake. Weye si muntu wa Masisi? Kwenu munalima nini, mawe?"

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Alidhani nimeumwa na nyoka.

Mjomba, sisi tumekata machipukizi ya migomba tangu utoto. Kila mwaka tulichagua mtoto mmoja tukaua wengine ili mgomba usiondoke mahali pake. Tulikuwa tunajua kwa mikono. Lakini miaka minne hakuna aliyeuchunga mgomba ule, na siku tuliyorudi tulikuwa na kiu ya kuona kitu kimoja tu ambacho hakikuondoka. Ukaukumbatia. Ukauegemea mgongo ukahesabu. Mtu aliyezungusha ungo mbele yangu ili nijue kwamba kiwanja kinatembea aliamini mgomba, hakuniamini mimi.

Sasa nisikilize vizuri, na Neema asome hapa polepole. Siku ile, kabla hatujaanza kuchimba, ulizunguka migomba kwa upande wa juu. Mguu wako ulizama. Ulitukana, halafu ukajikumbuka ukasema "Nisamehe Bwana," nami nikacheka, ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka pamoja. Unakumbuka? Ulitoa mguu ukiwa na tope jeusi ukaufuta kwenye majani. Mjomba, ulikuwa umemkanyaga mama. Hapo ndipo mgongo wako ulipogusa usiku ule tulipoizika. Saba zilianzia hapo. Sisi tulichimba chini sana, na mahali pa juu ulinikataza.

Sikuwa na usingizi wiki nzima. Nilitaka kukimbia kuja. Halafu hasira ikaja, nikaona afadhali niandike kwanza, kwa sababu nikija na kuchimba peke yangu, na bomba ikatoka, mtasema nimeirudisha nilikokuwa nimeificha. Mtasema hivyo. Mimi mwenyewe ningesema hivyo juu ya mtu mwingine.

Sijui kama ipo. Nasema ukweli wangu wote, nisije nikaonekana mjuaji sana. Inawezekana waporaji waliipata, inawezekana maji yaliingia, kutu imekula chuma. Na hata ikitoka, wewe huoni tena, na mimi sina tena hamu ya nyota. Wakati mwingine mawingu yanafunguka jioni huku Buleusa, ile inayong'aa inatoka, natazama pembeni. Umenifanyia hivyo pia, Mjomba. Hilo sijui litapona kwa kuchimba.

Usiniombe msamaha kwenye simu. Usimtume Mama Jose. Na usimtume mtu Burungu na jembe baada ya kusikia haya, hata ndugu zako, hata kwa nia njema. Nimekuonyesha mahali mbele ya kambi yote kwa makusudi, na kambi yote iangalie nani atakwenda kabla yangu.

Mimi namaliza mavuno ya maharage ya Mama Riziki mwishoni mwa Mei. Nitatembea siku mbili, nitapata pikipiki kwa sehemu iliyobaki. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, mvua ikiwa imekwisha, asubuhi, nitakuwa kwenye kiwanja chetu cha maharage Burungu, na jicho kwenye ukosi. Neema akushike mkono akulete. Papa Safari aje na fimbo yake, aone, kwa sababu ana kinywa kipana kupita vyote hapo na atatangaza vizuri, iwe hivi ao hivi.

Nitakusimamisha kwenye shimo la mama. Utahesabu wewe, kwa sauti. Nitachimba mimi. Kikitoka kitu, sitakuambia ni nini. Nitafungua turubai nikupe kioo mkononi, upitishe ukucha wako juu yake polepole, mpaka ukutane na mkwaruzo wangu uliopinda kama ndoana. Utajua kwa uongo wangu kwamba ni yenyewe.

Na kisipotoka, utasema tena yale maneno yako, nami nitakujibu kwamba sikuchimba, na safari hii utanisikia.

Tulikuwa wawili. Ningoje.

Mtoto wa dada yako,
yule wa pili.